Chupa ya Fundi Cherehani

Siku ya nane ya uchunguzi ilimkuta Inspekta Kobe hana mshukiwa hata wa kusingizia. Alikuwa na faili nene, visigino vya viatu vilivyolika kwa kupanda na kushuka ngazi za hospitali, na orodha ya wanawake saba. Wote saba walikuwa wazima, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alikwisha kutafuta wezi, matapeli na waume waliotoroka, lakini hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutafuta mgonjwa.

Kobe halikuwa jina lake. Wenzake kituoni walimbandika kwa sababu ya mwendo wake, na kwa sababu kila faili alilopewa alilisoma tangu jalada mpaka pini. Yeye mwenyewe alilizoea, hata mke wake alimwita hivyo akiwa na furaha.

Shauri lenyewe lilianza hivi. Fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alikwenda kliniki siku ya Jumanne kuonyesha uvimbe mdogo kwenye titi la kushoto. Akachukuliwa vinyama kwa sindano, vikatiwa kwenye kichupa, vikapelekwa maabara. Siku kumi baadaye majibu yakarudi: saratani, tena ya aina kali. Akapangiwa upasuaji. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kulala juu ya meza, dawa ya usingizi imekwisha kuvutwa kwenye bomba, daktari bingwa alipouwekea mkono ule uvimbe kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda kunawa. Akaubonyeza tena, akausukuma huku na huku. Kisha akawaambia wenzake waiweke sindano chini.

Daktari huyo wagonjwa walimwita Mama Uzi, kwa sababu kovu alilokuachia lilikuwa jembamba kama uzi, na wengine walilionyesha kwa fahari kama mtu anavyoonyesha nguo mpya. Kazi yake ilikuwa kupasua saratani, na alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Alieleza kwamba uvimbe wa fundi cherehani uliteleza chini ya kidole kama kokwa ndani ya mfuko wa nguo. Saratani ya aina ile haitelezi, inang'ang'ania. Akachukua vinyama vipya, safari hii akavipeleka maabara ya hospitali nyingine, na jibu likarudi baada ya siku tatu: uvimbe wa kawaida, hauna madhara.

Mume wa fundi cherehani alikwenda polisi kwa hasira. Alisema mke wake nusura akatwe titi bure na lazima kuna mtu kafanya makusudi. Lakini alipofika kaunta alikuta simu ya hospitali imemtangulia. Mama Uzi mwenyewe ndiye aliyepiga, na maneno yake ndiyo yaliyomfanya mkuu wa kituo amteue Kobe.

"Sihitaji mtu wa kukamata," alisema. "Nahitaji mtu anayejua kutafuta watu. Ile saratani niliyoisoma kwenye karatasi ni ya kweli. Ina mwenyewe, na mwenyewe hajui."

Siku saba za mwanzo Kobe alifanya ambalo mtu yeyote angelifanya. Aliomba daftari la kliniki la Jumanne ile. Walikuwa wanawake saba waliochukuliwa vinyama, fundi cherehani na wengine sita. Akaona jambo ni jepesi: vichupa viwili vimebadilishana majina, kwa hiyo mwenye saratani yumo miongoni mwa wale sita, naye anajilia na kulala akiwa na karatasi inayosema hana kitu. Akawatafuta mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa karani wa posta, wa pili mama mkwe wa karani huyohuyo, wa tatu alikuwa amehama nyumba na ilibidi aulizwe kwa majirani mpaka muuza mkaa akaelekeza. Wote walirudi kliniki. Mama Uzi akawapima upya kwa mkono wake, akawachukua vinyama upya, wengine wakilalamika na wengine wakimwombea dua. Jana jioni majibu ya mwisho yalifika. Sita kati ya sita, wazima.

Basi ikabaki njia ya pili, ile aliyoitaka mume wa fundi cherehani: mtu mwenye nia mbaya. Na mtu wa namna hiyo alikuwepo, angalau kwa maneno ya korido. Mkuu wa maabara ya vinyama, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye wote walimwita Mzee Hadubini, hakuwa akisemezana na Mama Uzi kwa miezi minane. Walikuwa wamegombana mkutanoni. Daktari alisema majibu yanachelewa, mzee akasema wapasuaji wana haraka ya visu. Tangu siku hiyo waliwasiliana kwa karatasi tu. Sista wa kliniki alimnong'oneza Kobe kwamba mzee alitoka mkutanoni akisema ipo siku daktari atajuta.

Kobe akaenda kumwona saa tatu asubuhi.

Maabara ilikuwa upande wa pili wa uwanja, chumba kirefu chenye harufu ya dawa ya kuhifadhia inayopanda moja kwa moja kwenye macho. Mzee Hadubini alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu madogo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Hakusimama. Alimwonyesha Kobe stuli, akamwambia asiguse kitu.

Kobe akamuuliza kama ni kweli alisema daktari atajuta.

"Nilisema," mzee akajibu. "Nilisema atajuta kutonisikiliza. Andika na hilo la pili."

Kobe akaandika na hilo la pili. Kisha akaomba aonyeshwe kichupa kinavyosafiri, tangu kinapoingia mlangoni. Mzee alilegea kidogo, kama walegeavyo watu wote wakiulizwa kazi yao. Akaeleza. Kichupa kikifika, msaidizi wake anafungua, anavihesabu vinyama, anaandika kwenye daftari jina, tarehe na idadi. Vinyama vinagandishwa ndani ya nta, vinakatwa vyembamba kuliko karatasi, vinapakwa rangi, vinawekwa kwenye kioo. Yeye anasoma. Kioo na nta vinabeba namba moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kuna kilichobadilika, alisema, kilibadilika kabla ya mlango wake.

Kobe hakumwamini wala hakukosa kumwamini. Aliomba daftari.

Alilisoma kama alivyosoma kila kitu, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Jumanne ile, majina saba. Safu ya mwisho ilikuwa ya idadi ya vinyama. Vinne. Vinne. Vinne. Vinne. Vinne. Akafika kwa fundi cherehani: sita. Wa mwisho, vinne. Akarudi Jumanne iliyotangulia: vinne, wote. Akarudi miezi mitatu nyuma, mzee akimtazama kwa pembe ya jicho, na kila Jumanne ya Mama Uzi ilikuwa vinne mpaka inachosha kusoma.

"Huyu kwa nini ana sita?" Kobe akauliza.

"Muulize aliyechukua. Mimi nahesabu nilicholetewa."

"Na ulipovisoma, vyote sita vilikuwa na saratani?"

Mzee Hadubini aliteremsha miwani kutoka kwenye paji. Kwa mara ya kwanza alimtazama mgeni wake sawasawa. Akainuka, akafungua droo ya vioo, akachagua kimoja, akakitia chini ya hadubini na kumwashiria Kobe asogee. Kobe hakuona chochote cha maana, ila rangi ya waridi na madoa ya zambarau. Mzee akamwongoza. Vinyama hivi vinne, alisema, angalia vilivyotulia, chembe zimejipanga kama watoto wa shule. Sasa tazama hivi viwili. Kobe akaona hata yeye. Vile viwili vilikuwa fujo tupu, madoa makubwa kwa madogo yamesongamana.

"Niliandika," mzee akasema. "Ukurasa wa pili. 'Saratani imeonekana katika vinyama viwili kati ya sita. Vinne havina dalili yoyote.' Nilishangaa. Zamani ningempigia simu."

Akakirudisha kioo kwenye droo.

Kobe alivuka uwanja kwa mwendo ambao wenzake wa kituoni wasingeusadiki. Mama Uzi alikuwa katoka chumba cha upasuaji, kofia ya kitambaa bado kichwani, anakunywa chai kwa kusimama. Kobe akamweleza ya daftari.

"Sita sichukui," daktari akasema. "Nachukua vinne. Mwalimu wangu alinifundisha vinne, na mimi nafundisha vinne."

"Ukurasa wa pili wa majibu uliusoma?"

Daktari aliweka kikombe chini. Alikwenda kwenye kabati, akatoa faili la fundi cherehani, akafunua ukurasa wa pili na kuusoma akiwa amesimama. Ulikuwa mistari mitatu tu. Alisoma muda mrefu kuliko mistari mitatu inavyohitaji.

"Nilisoma wa kwanza," alisema. "Hitimisho liko wa kwanza. Andika hivyo kwenye ripoti yako, Inspekta, na uandike ni mimi."

Basi hakukuwa na vichupa viwili vilivyobadilishana. Kulikuwa na kichupa kimoja chenye watu wawili ndani yake. Kobe aliketi, akamwomba daktari aieleze Jumanne ile saa kwa saa, asiruke hata kwenda chooni.

Daktari akakumbuka. Aliwaona wagonjwa watano wa mwanzo. Saa nne na dakika arobaini akaitwa mbio chumba cha upasuaji, mgonjwa wa jana yake alikuwa anavuja damu. Akarudi saa tano na nusu, aliyefuata akawa fundi cherehani. Kobe akauliza kama katika dakika zile hamsini kliniki ilisimama. Daktari akasema haisimami, alimwachia daktari msaidizi. Na yuko wapi huyo msaidizi? Aliondoka Jumatano, siku moja baadaye, kwenda mji mwingine kufanya mitihani ya ubingwa.

Wakamwita sista. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyeijua kliniki ile kama jiko lake. Kobe akamuuliza nani alihudumiwa daktari alipokuwa ametoka. Hakuna, sista akasema, hakuna aliyechukuliwa vinyama. Kisha akasita. Yupo mama mmoja alizirai. Daktari msaidizi alikuwa ameanza kumchoma, mama akateleza kitandani kama nguo iliyodondoka kwenye kamba, wakamkimbiza chumba cha dharura wao wawili. Fomu yake ilikuwa haijaandikwa, maana huandikwa mwisho. Kadi alikuwa nayo mwenyewe mkobani.

"Na toroli la vifaa?"

"Lilibaki pale pale, na vichupa vyake."

"Uliporudi ulivikagua?"

Sista alifikiri. Vichupa vilikuwa vinne, vimekwisha kutiwa dawa, vinangoja. Kimoja kilikuwa wazi. Alidhani alikiacha wazi yeye mwenyewe katika zile purukushani. Vinyama vile ni vyembamba kama vijiti vya kuchokolea meno vilivyopasuliwa, vyeupe, vikizama chini huvioni mpaka uinue kichupa kwenye mwanga. Hakukiinua. Fundi cherehani alipoingia, alichukua kile kilichokuwa wazi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Aliposikia maneno yake mwenyewe alianza kulia. Mama Uzi akamshika bega, akamwambia watalia wote baadaye kwa zamu, sasa kuna mtu wa kutafutwa.

Kobe alimpigia simu daktari msaidizi. Alimkuta anatoka kwenye chumba cha mtihani. Jibu lake lilikuwa fupi: alichoma mara mbili, mama akazirai, naye akadhani sista atamwaga kile kichupa. Alimwambia yule mama ataitwa kurudia. Alipoelezwa kilichotokea, akauliza kama mama huyo amepatikana. Kobe akapenda kwamba hilo ndilo swali lake la kwanza.

Chumba cha dharura kilikuwa na daftari lake. Jumanne, saa tano kasoro dakika tano: mwanamke, miaka hamsini na nane, kazimia kliniki ya matiti, kapewa maji ya sukari, kapumzika, karuhusiwa. Kazi: mwalimu wa udereva. Namba ya simu.

Kobe aliipiga mara tisa. Haikupatikana. Basi akaanza kuulizia shule za udereva, na ya tatu wakacheka alipouliza kama wana mwalimu mama wa makamo. Wakamwambia aende uwanja wa nyuma, ila asisimame katikati.

Kabla hajaondoka, Mama Uzi alikuwa amempa sharti moja. "Usimwambie ana nini. Hiyo ni kazi yangu. Mwambie namsubiri, leo."

Uwanja ulikuwa wa vumbi, umechorwa mistari ya chokaa, na nguzo za mbao zimesimikwa ndani ya matairi mabovu. Gari dogo jeupe lilikuwa linarudi nyuma kwa woga. Nyuma ya usukani alikaa mzee mwenye mvi na tai, na pembeni yake mwanamke mfupi, miwani ya jua, mkono mmoja nje ya dirisha.

Kobe akajitambulisha. Mwanamke hakuvua miwani.

"Kama ni habari ya yule aliyegonga kibanda cha trafiki, mimi nilimfelisha mara mbili," alisema. "Kama una haraka panda nyuma. Kama huna, ngoja pale kivulini."

Kobe alipanda nyuma. Mzee wa tai, ambaye alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, alijitetea kwa mgeni kwamba hii ni wiki yake ya pili tu. Mwalimu wake alimwambia aache kujieleza, atazame kioo. Wakarudi nyuma, wakagusa nguzo. Wakasonga mbele, wakarudi tena. Sauti ya yule mama haikupanda hata mara moja, na Kobe akaelewa kwa nini watu wanalipa kukaa karibu naye.

Alipopata upenyo alimwomba washuke wazungumze. Walisimama kando ya matairi. Kobe akasema daktari bingwa wa kliniki ya matiti anamsubiri leo hii.

"Nilizirai," mama akasema. "Nilijiona mjinga. Mimi nakaa na watu wasiojua breki iko wapi, halafu sindano inanilaza. Waliniambia nitaitwa, sikuitwa. Nikasema afadhali."

"Kulikuwa na kosa. Fomu yako haikuandikwa."

"Na wewe ni polisi wa fomu?"

Mama akavua miwani ya jua, akaifuta kwa pindo la blauzi, taratibu, kioo kimoja kisha cha pili.

"Ingekuwa habari njema wangenipigia simu."

"Nimepiga mara tisa, mwalimu. Umezima."

"Nikifundisha nazima," akasema. Mwanafunzi wake aliwatazama kutoka dirishani. "Niache nimrudishe huyu mzee nyuma mara moja tu. Asiende nyumbani na nguzo kichwani."

Akarudi garini. Mara ile mstaafu alipita katikati ya nguzo bila kugusa, akashangilia peke yake, na mwalimu akampigia makofi mawili.

Alikataa kupanda gari la polisi. Aliendesha mwenyewe, Kobe akiwa pembeni amefunga mkanda. Aliendesha vizuri kuliko dereva yeyote aliyewahi kumbeba, vioo vyote, ishara zote. Ila walipofika njia panda ya hospitali aliipita, moja kwa moja, kama haijui. Kobe akatazama mbele. Mama alikata kona iliyofuata na kusema barabara ile ya kwanza ina mashimo.

Mama Uzi alimpokea mlangoni. Hakukaa nyuma ya meza, alivuta kiti akakaa naye goti kwa goti, mlango ukafungwa, na Kobe alibaki korido kwa dakika arobaini. Alichokijua baadaye ni kile alichoambiwa. Daktari aliushika uvimbe na haukuteleza. Alichukua vinyama vinne, mgonjwa akiwa amelala chali na amegeuzwa uso ukutani, akiambiwa aeleze gari linavyowashwa mlimani. Alieleza klachi mpaka mwisho, na hakuzirai. Sista aliinua kichupa kwenye mwanga kabla ya kutia kitu, akasoma jina kwa sauti, mgonjwa akalirudia, ndipo kikafungwa.

Kichupa kile hakikungoja tarishi. Mzee Hadubini alivuka uwanja mwenyewe kukichukua. Alikutana na Mama Uzi mlangoni pa kliniki, miezi minane ya karatasi katikati yao, na wote wawili wakaanza kusema kwa wakati mmoja. Mzee akanyamaza kwanza. Kobe alisikia kipande tu: daktari akisema hakuusoma ukurasa wa pili, na mzee akisema naye angeweza kupiga simu. Siku ya pili asubuhi walikuwa wameinamia hadubini moja yenye macho ya watu wawili, bega kwa bega, wakilinganisha vinyama vipya na vile viwili vya zamani. Ni mtu yuleyule, mzee akasema.

Kobe alikuwa na ripoti ya kuandika, na aliomba kukiona kichupa kikisafiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo Jumatatu alijikuta amevikwa joho la kijani, kofia na kitambaa cha mdomo, amesimama ukutani mwa chumba cha upasuaji, ameonywa kwamba akianza kuona nyota akae chini kabla hajaanguka. Hakuona nyota. Aliona kazi.

Mama Uzi aliyekuwa mcheshi koridoni hakuwa mcheshi pale. Alisoma jina, upande na aina ya upasuaji, kila mtu chumbani akaitikia. Kisu kilipita mara moja tu. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya vidole, kutenganisha kidogo kidogo, kufunga mishipa midogo, kuuliza shinikizo la damu likoje, kusubiri. Uvimbe ulitoka ndani ya nyama nzima iliyouzunguka, kama kiini ndani ya tunda. Kabla ya kuutoa mkononi aliushona nyuzi mbili, mfupi upande wa juu, mrefu upande wa nje, ili kule maabara wajue ulivyokuwa umekaa mwilini. Kisha akaenda kwapani kuzifuata tezi, kwa sababu huko ndiko saratani hupitia ikitaka kusafiri. Hapo alikwenda polepole zaidi. Chupa zilikuwa mbili. Zilisomwa kwa sauti, zikarudiwa, zikaandikwa. Vitambaa vikahesabiwa mara mbili. Mshono wa mwisho aliushona mwenyewe, na Kobe akaona ule wembamba uliompa jina.

Katika siku zilizofuata aliandika ripoti yake. Jinai: hakuna. Chanzo: chupa iliyoachwa wazi, fomu iliyoandikwa mwisho badala ya mwanzo, ukurasa ambao haukusomwa, simu ambayo haikupigwa. Aliweka kazi za watu, hakuweka majina, isipokuwa la daktari aliyemlazimisha. Kliniki ilikwisha kubadilisha utaratibu bila kungoja ripoti. Mume wa fundi cherehani alikuja kituoni kusikiliza. Alitaka kujua nani atafungwa. Kobe akamsomea yote, polepole, mpaka kwenye mwalimu wa udereva. Mwanamume yule alikaa akiuzungusha ufunguo wa baiskeli kidoleni. Mwishowe aliuliza mama huyo amelazwa wodi namba ngapi, maana mke wake angependa kumwona, kama si vibaya. Kobe akasema si vibaya.

Majibu yalitoka Jumapili. Mzee Hadubini hakutuma karatasi. Alipiga simu saa mbili asubuhi, siku ambayo hakutakiwa kuwa kazini, na Mama Uzi, ambaye naye hakutakiwa kuwa kazini, akaweka sauti ya simu wazi ili Kobe asikie. Kingo za nyama iliyotolewa zilikuwa safi pande zote. Tezi za kwapani zilikuwa kumi na moja. Mzee alizisoma moja moja, hakutaka kuzijumlisha: ya kwanza safi, ya pili safi, mpaka akafika ya kumi na moja. Safi. Daktari akamwomba amsomee na ukurasa wa pili. Mzee akausoma. Nao ulikuwa safi.

Walishuka wodini pamoja. Mwalimu wa udereva alikuwa amekaa kitandani, mto umemwegemeza, fundi cherehani yuko kwenye kiti cha pembeni akimpima mabega kwa futi ya nguo. Alikuwa anamshonea blauzi ya kufungua mbele, alieleza, ili asihangaike kuinua mkono wakati wa kuvaa. Mume wake alikuwa amesimama dirishani na mwalimu mkuu mstaafu, anaelezwa jinsi ya kurudisha gari nyuma.

Mama Uzi aliketi ukingoni mwa kitanda. Alisema uvimbe umetoka wote, na haukuwa umesafiri. Zitafuata dawa kwa miezi kadhaa, nywele zitaondoka na zitarudi, na watakuwa wakionana mara kwa mara kwa miaka mingi mpaka wachokane. Alisema haya kwa maneno mepesi, akarudia yale yaliyohitaji kurudiwa.

Mwalimu alisikiliza yote bila kukatiza. Fundi cherehani alikuwa ameacha kupima, futi imening'inia shingoni mwake.

"Usukani naushika lini?" mwalimu akauliza.

"Wiki ya sita."

"Wiki sita ni nyingi, Daktari."

"Basi wiki saba."

Mwalimu akamtazama Kobe, kama mtu anayetaka shahidi. Kobe alikuwa amekwisha kutoa daftari lake.

"Saba," alisema, akiandika. "Imeingia."

Yule mama akacheka, akashika upande wa mshono kwa sababu kicheko kilimuuma, akaendelea kucheka hivyo hivyo, na fundi cherehani akamwambia atulie, mabega yanacheza, hawezi kupima.